Umekwama kwenye ukurasa mtupu? Jaribu karata za taroti, mpiga ramli hahitajiki

HEBU fanya jaribio dogo kabla hujaendelea kusoma. Tunga kichwani sentensi ya kwanza ya hadithi inayoanza asubuhi.

Haya. Kuna jogoo? Kuna jua lililotandaza miale yake ya dhahabu? Kuna ndege waliokuwa wakiimba nyimbo tamutamu? Usione haya, hauko peke yako. Wengi wetu tulipita shule ambako insha nzuri ilikuwa ile iliyojaa maneno ya kukariri. Giza lilikuwa totoro, mvua ilikuwa ya mawe, na mhusika alitoka mbio kama swara aliyemwona chui. Mwalimu akaweka tiki, ukapata 35 kwa 40, maisha yakaendelea.

Sasa uko kwa bedsita yako, umefungua simu uandike hadithi yako mwenyewe, na jogoo bado anawika. Mtaani kwenu hata hakuna jogoo! Kinachokuamsha ni kondakta anayegonga bodi ya matatu na jirani anayeburuta mitungi ya maji kwenye ngazi saa kumi na moja.

Tatizo si uvivu, na wala si kwamba huna kipaji. Akili ikiombwa kitu haraka, inatoa kilicho karibu na mlango. Ukitaka kilicho chumba cha ndani, lazima kitu kutoka nje kiigutushe. Mwandishi wa watoto kutoka Italia, Gianni Rodari, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha 1973 kuhusu sanaa ya kubuni hadithi. Neno moja peke yake, alisema, halizai kitu. Chukua mawili yasiyojuana, kwa mfano mbwa na kabati, uyaweke pamoja, na akili italazimika kutafuta yamekutanaje. Hapo ndipo hadithi inapoanza.

Karata za taroti zinafanya kazi hiyohiyo, ila kwa picha. Unazichanganya, unatoa tatu bila kuchagua, kisha unaandika hadithi inayoziunganisha.

Najua unachowaza. "Si hizo ni za wapiga ramli?" Tulia kwanza, tuanze na zilikotoka.

Mchezo uliogeuzwa uaguzi

Taroti ilizaliwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na kutabiri hakukuwa kazi yake. Ulikuwa mchezo wa karata, wa kujiburudisha, kama wewe na marafiki mnavyocheza poka wikendi. Seti kamili ina karata 78. Kati ya hizo, 56 ni ndugu wa karata unazozijua, zimegawanywa katika mafungu manne: vikombe, panga, fimbo na sarafu. Zile 22 zilizobaki ni picha kubwa kubwa, kama vile Mjinga, Mnara, Mwezi na Gurudumu la Bahati. Mezani zilishinda nyingine zote, na Waitaliano waliziita trionfi.

Sasa sikia hili. Ndugu ya trionfi katika Kireno ni trunfo, na kutoka Kireno ndipo Kiswahili kilipopata turufu. Kila mara gazeti linapoandika kwamba mwanasiasa fulani ana karata ya turufu, linatumia neno la ukoo wa taroti bila kujua.

Hayaishii hapo. Majina ya karata katika Kiswahili sanifu ni kopa, shupaza, uru na pau. Huenda mtaani kwenu mnayaita vingine, lakini kamusi inayo. Yote manne ni ya Kireno: kopa ni vikombe, shupaza ni panga, uru ni dhahabu, na pau ni fimbo. Yaani ukiangusha "moyo" mezani na mzee wa Mombasa akauita kopa, ametaja kikombe. Lugha yetu imekuwa ikibeba yale mafungu manne ya taroti muda huu wote.

Uaguzi ulikuja baadaye sana. Mwaka 1781, Mfaransa Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba taroti ni mabaki ya hekima ya siri ya Misri ya kale. Ushahidi hakuwa nao. Maandishi ya Misri ya kale hakuna aliyeweza kuyasoma wakati huo. Jean-François Champollion alikuja kuyafumbua mwaka 1822. Lakini stori ilikuwa tamu na watu wakaimeza. Mfaransa mwingine, Jean-Baptiste Alliette, akaigeuza biashara. Aliligeuza jina lake pia, akaliandika kinyumenyume na kujiita Etteilla.

Kwa hivyo hekaya ya Misri yenyewe ni kazi ya kubuni. Kama watu wawili wenye kalamu waliweza kuifanya dunia iamini hivyo, nawe unaweza kutunga hadithi fupi ya kurasa tano.

Zilichorwa na msimulizi

Karata nyingi unazoziona TikTok na Instagram zinatokana na seti moja iliyotolewa London mwaka 1909. Arthur Edward Waite ndiye aliyeipanga, lakini mkono uliochora ni wa mwanamke kwa jina Pamela Colman Smith.

Pamela alizaliwa London mwaka 1878 na kuishi sehemu ya utoto wake Jamaika. Huko ndiko alikosikia hadithi za Annancy, buibui mjanja anayewazidi akili wanyama wakubwa kumliko. Annancy asili yake ni Afrika Magharibi, kwa Waakan. Alivuka bahari vinywani mwa watu waliofanywa watumwa. Ukimjua Sungura wa hadithi zetu, ushamjua Annancy. Pamela alizikusanya hadithi hizo katika kitabu alichokichapisha 1899, na aliporudi Uingereza alikuwa akizisimulia mbele ya watu.

Ndiyo maana karata zake zinamfaa mwandishi. Kabla yake, zile karata ndogo za namba katika seti nyingi zilikuwa na alama tu: vikombe vinane vimepangwa, basi. Yeye aliweka tukio katika kila moja. Katika Nane ya Vikombe, mtu mwenye joho jekundu anaviacha vikombe vyake nyuma na kupanda mlima usiku, akiwa ametupa mgongo. Kwa nini anaondoka? Anaenda wapi? Pamela hasemi. Amekuachia wewe.

Malipo yake je? Alimwandikia rafiki kwamba amemaliza kazi kubwa kwa pesa kidogo sana. Alifariki 1951 akiwa na madeni, na kwa miaka mingi karata hizo zilijulikana kwa majina ya wanaume wawili, mchapishaji na Waite, huku lake likiachwa nje. Msanii yeyote wa Nairobi aliyewahi kuambiwa "tuchoree tu, utapata jina" atamwelewa mara moja.

Habari njema ni kwamba michoro hiyo ya 1909 sasa ni mali ya umma. Huhitaji kununua seti ya maelfu ya shilingi. Tafuta picha zake mtandaoni, zihifadhi kwenye simu, na umwambie rafiki akutajie namba tatu kati ya 1 na 78.

Waliozitumia kabla yako

Mwaka 1973, mwandishi wa Italia Italo Calvino alichapisha kitabu kiitwacho Il castello dei destini incrociati. Wasafiri wanakutana ndani ya kasri baada ya kupita msituni, na wote wamepoteza sauti. Njia pekee ya kusimulia yaliyowapata ni kupanga karata za taroti mezani. Calvino aliandika akizitazama karata zenyewe, akizipanga na kuzipangua mpaka hadithi moja ikaivuka nyingine. Karata iliyokuwa ya harusi kwa mmoja, kwa mwingine ilikuwa ya usaliti.

T. S. Eliot naye alimweka mpiga ramli mwenye karata ndani ya The Waste Land, shairi lake la 1922. Katika maelezo aliyoyaambatisha, alikiri kwamba hakuijua vizuri taroti na kwamba alizitumia karata jinsi zilivyomfaa. Hilo likutoe wasiwasi. Ikiwa Eliot hakuhitaji kuwa mtaalamu, wewe pia huhitaji.

Tufanye pamoja

Tuseme unataka kuandika kuhusu kijana anayehama usiku kwa sababu ya deni la nyumba. Nairobi hiyo si stori ngeni. Ukianza bila msaada, kuna hatari itoke hivi: "Usiku ulikuwa wa giza totoro. Kevo aliamua kuhama kutokana na umaskini uliokithiri." Umekufa hapo hapo.

Sasa toa karata. Ya kwanza ni Saba ya Panga. Kabla ya kutafuta maana yake popote, sema unachokiona. Mtu ananyata kutoka kwenye kambi ya mahema. Mikononi ana panga tano. Mbili ameziacha zimesimama ardhini. Anatazama nyuma, na ni kama anatabasamu. Kwa mbali kuna kikundi kidogo cha watu.

Swali limejileta lenyewe: kwa nini ameacha mbili? Mtu anayehama usiku hubeba alichoweza. Kevo amebeba vitu vitano: godoro, mtungi wa gesi, sufuria, redio na begi la nguo. Ni viwili gani ameacha, na kwa nini? Labda ni kiti cha plastiki alichoazima kwa Mama Njeri wa namba sita. Na juu ya kiti, ufunguo, mahali ambapo landilodi atauona kabla hajaanza kupiga kelele. Sasa Kevo si "maskini" tu. Ni mtu anayetoroka deni la miezi mitatu lakini hawezi kuondoka na kiti cha jirani. Huyo tunataka kumfuata.

Karata ya pili ni Sita ya Panga. Mtu anasukuma mashua kwa mti mrefu. Mbele yake ameketi mwanamke aliyejitanda, na kando yake mtoto. Wote wametupa mgongo, nyuso hatuzioni. Panga sita zimesimama ndani ya mashua yenyewe.

Mashua ya Nairobi ni nini? Mkokoteni. Na huyu mtoto ametoka wapi? Hukuwa umepanga mtoto. Vizuri, hapo ndipo karata inapokulipa. Kevo anaishi na mpwa wake wa miaka saba, na amemdanganya kwamba wanaenda kutembea. Saa tisa usiku. Mtoto amekaa juu ya godoro, amekumbatia redio, na anajua kabisa kwamba hakuna matembezi ya saa tisa. Na zile panga? Tazama tena: zimedungwa kwenye mashua. Ukizing'oa, si maji yataingia? Pengine uongo wa Kevo ndio unaoizuia mashua kuzama, kwa usiku huo mmoja.

Karata ya tatu ni Tano ya Sarafu. Watu wawili wanapita kwenye theluji, mmoja peku, mwingine kwa magongo. Juu yao dirisha la kanisa linawaka taa. Mlango hauonekani popote.

Theluji hatuna, lakini tunayo baridi ya Julai. Na dirisha linalowaka saa tisa usiku? Ni Ijumaa, kuna kesha. Nyimbo zinasikika hadi barabarani. Mtoto anauliza kama wanaweza kuingia wapate joto. Kevo anasimamisha mkokoteni, anachungulia, na anayeongoza wimbo mbele kabisa, macho amefumba, mikono juu, ni landilodi.

Ingia au pita? Hapo sasa una hadithi. Na hakuna jogoo aliyewika.

Masharti matano ya zoezi

Kwanza, usichague. Ukirudisha karata kwa sababu haikupendezi, umerudi kwa kile ambacho akili ilikuwa tayari kukupa. Karata tatu kutoka 78, ukihesabu na mpangilio wake, zinaweza kutoka kwa njia 456,456. Wacha bahati ifanye kazi yake.

Pili, eleza kabla ya kufasiri. Dakika tano andika tu kile jicho linaona: mikono iko wapi, nani anatazama nani, kuna nini kwenye pembe ya picha. Maana za vitabuni zitakupa maneno kama "mabadiliko" na "matumaini". Hadithi haiandikwi kwa matumaini. Inaandikwa kwa kiti na ufunguo.

Tatu, hamisha kila picha hadi mtaani kwako. Mfalme awe chifu, au mwenyekiti wa sako. Farasi awe bodaboda. Mtawa mwenye kandili awe soja wa geti na tochi yake. Ukiacha kasri na farasi kama walivyo, utaandika filamu ya watu wengine.

Nne, weka saa. Dakika 15 bila kufuta. Kusahihisha kuna siku yake.

Tano, ficha karata. Msomaji asijue kulikuwa na karata. Ukimaliza na hadithi bado inahitaji picha ili ieleweke, haijaiva.

Mamako akiziona je?

Tusijifanye swali hili halipo. Ukristo na Uislamu zote zinakataza uaguzi, na katika nyumba nyingi za Kenya karata hizi zikionekana kwa meza kutakuwa na maombi kabla ya chakula cha jioni. Unaweza kueleza kwamba zilianza kama mchezo, na ni kweli. Lakini mtu anayeogopa kitu si lazima ashindwe na historia yako. Ikiwa dhamiri yako au ya nyumba yenu haikuruhusu, usilazimishe. Hadithi haihitaji ugombane na mzazi.

Na hata kama huna tatizo nazo, weka mpaka. Karata ni za kumuuliza mhusika, si za kukuuliza wewe kama aliyekuacha atarudi ama kama kazi utapata. Mtandaoni wako wanaokuambia "ujumbe huu umekufikia kwa sababu ni wako", halafu unaombwa utume pesa upate uliosalia. Huo ni ukurasa wa kufunga.

Dawa iliyo rahisi zaidi ni kutengeneza seti yako. Nunua karatasi ya manila, kata vipande 24, tumia yale majina manne ya Kiswahili kama mafungu, kila fungu karata tano. Kopa iwe ya moyo: shosho, rafiki wa utotoni, harusi, mtu aliyekublock, mtoto wa jirani. Shupaza iwe ya ugomvi: kanjo, kesi, umbea wa ploti, ndugu wawili na shamba moja, mlango uliovunjwa. Uru iwe ya pesa: landilodi, mkopo wa simu, chama, mshahara wa kwanza, noti iliyookotwa. Pau iwe ya kazi na safari: mjengo, kibanda cha chipsi, bodaboda, basi la usiku, barua ya kuitwa intavyuu.

Zilizobaki nne ni turufu zako, zile zinazopindua meza: stima kupotea, simu ya usiku wa manane, mafuriko, tingatinga.

Usichore vizuri sana. Mstari mmoja wa kalamu unatosha, mradi kila kadi iwe na mtu anayefanya kitu na jambo moja ambalo hujalieleza.

Kile ulichokuwa ukikikwepa

Kuna faida moja zaidi, na kwangu ndiyo kubwa. Sentensi za kukariri hazikuwa mbaya kwa sababu zilikuwa kuukuu tu. Zilikuwa mahali pa kujificha. Ukiandika "umaskini uliokithiri", huhitaji kusema ni chakula gani kilikosekana, siku gani, na nani alijifanya ameshiba ili wewe ule.

Picha haikupi maficho hayo. Tisa ya Panga inaonyesha mtu ameketi kitandani usiku, uso ndani ya viganja. Huyo si wewe, ni mtu tu kwenye karata, kwa hivyo unaweza kumwambia mambo ambayo usingeyaandika ukianza na neno "mimi". Unamuuliza ameota nini. Unamuuliza nani analala chumba cha pili. Kufikia mstari wa kumi, unajua vizuri ni kitanda cha nani.

Mnara nao unaonyesha jengo lililopigwa radi, na watu wawili wanaanguka kutoka juu. Kijana wa Mathare au Mukuru aliyeona mabomoaji ya 2024 baada ya mafuriko hahitaji kuelezwa karata hiyo maana yake ni nini. Anahitaji tu kuulizwa hao wawili walikuwa nani, na ni kitu gani kilikuwa bado jikoni.

Karata haijui jibu. Wewe unalijua. Toa tatu, weka saa dakika 15, uandike.